Nani ana ufunguo wa akaunti yako?

MSOMAJI mpendwa, kabla hujaendelea na ukurasa huu, chukua simu yako uiweke mezani mbele yako. Sasa jiulize maswali matatu. Ikiwa simu hiyo itanyakuliwa jioni ya leo kupitia dirisha la matatu katika Barabara ya Jogoo, je, unalijua neno la siri la barua pepe yako kwa kichwa? Je, kadi ya laini iliyo ndani ya simu hiyo ina kufuli yake yenyewe? Na je, ni nani mwingine anayeweza kuingia katika akaunti zako wakati huu unapokunywa chai yako ya Jumapili?

Wengi wetu tunaoishi katika mitaa ya Eastlands, kuanzia Makongeni na Kaloleni hadi Umoja, Kayole na Dandora, hatuna majibu ya maswali hayo. Si kwamba sisi ni wajinga. Ni kwamba mambo yaliingia simuni kidogo kidogo, nasi hatukuona ni lini mzigo ulizidi kikapu.

Mnamo Machi 2007 kampuni ya Safaricom ilipoanzisha huduma ya M-Pesa, wengi walitaka jambo moja tu, kumtumia mama mashambani pesa za sukari. Novemba 2012 ikaja M-Shwari, na simu ikawa mahali pa kuweka akiba na kukopa. Januari 2019 ikaja Fuliza, nayo Hazina ya Hustler ikafuata Novemba 30, 2022. Ndani ya simu hiyo hiyo kukaingia picha za watoto, stakabadhi za kazi, akaunti ya eCitizen, kumbukumbu za chama na mazungumzo ya familia nzima.

Matokeo yake ni kwamba mwizi wa leo hatosheki na ulichonacho. Akipata nafasi, anaweza kukukopea usichokuwa nacho, kisha deni likabaki kwa jina lako. Anaweza pia kuwaomba marafiki zako pesa kwa sauti ya maandishi yako. Bei ya simu yenyewe ndiyo hasara ndogo kabisa.

MWEKA HAZINA NA LAINI YAKE

Tuchukue mfano wa mama mmoja anayeuza nguo za mitumba katika soko la Mutindwa na ambaye ni mweka hazina wa chama cha akina mama kumi na wawili. Ni mfano tu, lakini ukiusimulia katika ploti yoyote mtaani, hutakosa mtu wa kusema, "Hayo yalimpata dada yangu."

Mama huyu ni mwangalifu. Simu yake ina kufuli ya kioo, na nambari yake ya siri ya M-Pesa hajawahi kumtajia mtu. Jioni moja akiwa ndani ya matatu, msongamano ukiwa umeyasimamisha magari, mkono unapenya dirishani na simu inaenda. Anasikitika, lakini anajiambia moyoni, "Haidhuru, hawawezi kuifungua."

Naam, hawakuifungua. Hawakuhitaji kuifungua. Kijana yule alitoa kadi ya laini kwa pini ndogo, akaitia katika simu nyingine ya bei rahisi, akapakua WhatsApp na kuandika nambari ya mama. WhatsApp ikatuma tarakimu sita za uthibitisho kwa ujumbe mfupi. Ujumbe ukaingia katika laini iliyo mkononi mwa mwizi. Kwa dakika chache tu, yeye ndiye aliyekuwa mweka hazina.

Mama alipofika nyumbani na kuazima simu ya jirani, wanachama wawili walikuwa wameshatuma pesa. Ujumbe waliopokea ulisema mweka hazina amekwama hospitalini na mtoto, nao wakaona picha yake na jina lake. Nani angemnyima?

Kesho yake alipata laini mpya, akaweka WhatsApp upya na kuandika tarakimu sita alizotumiwa. Mwizi akaondolewa papo hapo. Lakini mwizi huyo alikuwa ametangulia kuweka nambari ya siri ya ziada, ile inayoitwa uthibitishaji wa hatua mbili. Kwa hivyo mama alilazimika kungoja siku saba kabla ya kuruhusiwa kuingia katika akaunti yake mwenyewe bila nambari hiyo. Wiki nzima chama kilikaa bila kujua kumbukumbu zake ziko wapi.

Pigo la mwisho lilikuwa barua pepe. Picha za vitabu vya chama zilikuwa zimehifadhiwa katika akaunti yake ya Google, ila akaunti hiyo ilifunguliwa miaka mingi iliyopita na kijana wa saiba. Neno la siri aliliunda kijana huyo, akaliandika katika karatasi, na karatasi ikaenda na maji. Mama hakuwahi kulihitaji kwa kuwa simu ilikuwa ikilikumbuka kwa niaba yake. Sasa simu haipo.

SANDUKU LA POSTA

Ikiwa una umri wa kukumbuka siku za Shirika la Posta na Simu, kabla halijagawanywa mwaka wa 1999, utaelewa jambo hili upesi. Wakati huo familia nyingi za mitaa yetu hazikuwa na sanduku la posta. Barua zilipitia sanduku la shule, la kanisa, la mwajiri au la mjomba aliyekuwa na kazi nzuri mjini. Barua ya kuitwa kazini ingeweza kufika na kukaa wiki tatu katika droo ya mtu. Nyingine zilifika zikiwa zimefunguliwa. Aliyeshika ufunguo wa sanduku ndiye aliyeshika habari zako.

Barua pepe ya leo ndiyo sanduku hilo. Fikiria kinachotokea unaposahau neno la siri la akaunti yoyote. Unabonyeza palipoandikwa kuwa umesahau, na kampuni inakutumia njia ya kuingia upya. Inaituma wapi? Katika barua pepe yako au katika laini yako ya simu. Kwa hivyo mwenye barua pepe yako na laini yako anaweza kuzibisha hodi akaunti nyingine zote, moja baada ya nyingine, na milango ikamfungukia.

Ndiyo sababu si lazima uanze kuhangaika na akaunti ishirini. Anza na mbili. Linda laini, linda barua pepe. Hizo ndizo funguo mama. Nyingine zote zinaning'inia kwazo.

LAINI ISIYO NA KUFULI

Tuanze na laini, kwa kuwa hapo ndipo wengi wameacha mlango wazi. Kufuli ya kioo hulinda simu. Hailindi kadi ya laini. Kadi ikitolewa na kutiwa katika simu nyingine, inaanza kupokea ujumbe na simu zako mara moja.

Dawa yake imekuwepo tangu enzi za simu za vibonyezo, nayo ni nambari ya siri ya laini. Ukiiwasha, kila mara simu inapozimwa na kuwashwa, au kadi inapohamishiwa simu nyingine, inaulizwa nambari hiyo. Bila jibu sahihi, kadi haifanyi kazi. Mwizi wa mfano wetu angekwama hapo hapo.

Utaipata katika mipangilio ya simu yako, upande wa usalama, palipoandikwa kufuli ya kadi ya laini. Lakini tafadhali usikimbilie kubahatisha. Kadi huja na nambari ya kuanzia iliyowekwa na kampuni, nawe huibadilisha baadaye uweke yako. Ukikosea mara tatu, kadi hujifunga na kudai nambari ndefu ya tarakimu nane iitwayo PUK. Ukikosea PUK mara kumi, kadi imekufa na itabidi utafute nyingine. Basi kama huijui nambari ya kuanzia, wapigie kwanza wahudumu wa kampuni yako ya simu wakueleze. Ukiipata PUK, iandike mahali penye usalama nje ya simu.

Kuna wizi mwingine wa laini usiohitaji mkono dirishani. Hapo tapeli hujifanya kuwa wewe, akadai amepoteza kadi, na nambari yako ikahamishiwa kadi yake. Dalili yake ni kwamba mtandao unapotea ghafla kwenye simu yako huku jirani zako wakiendelea kupiga gumzo. Ukiona hivyo usilale ukingoja mtandao urudi. Azima simu uulize kampuni yako mara moja.

Wateja wa Safaricom wanaweza kubonyeza *100*100# ili laini yao isibadilishwe kiholela, bali kwa mwenyewe kufika dukani na kitambulisho chake. Aidha, kwa kubonyeza *106# unaweza kuona ni laini gani zimesajiliwa kwa jina lako. Usishangae ukikuta nambari usiyoijua, ila usinyamaze pia. Laini iliyo kwa jina lako ikitumiwa kutapeli, polisi wataanza na wewe.

Tapeli hupata wapi habari zako? Mara nyingi tunampa wenyewe. Ingia katika jumba lolote mjini, bawabu anakupa kitabu uandike jina, nambari ya kitambulisho na nambari ya simu. Kitabu hicho kinabaki wazi mezani, na aliye nyuma yako anasoma. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka anayekusanya habari za watu achukue zile tu anazohitaji na azitunze. Una haki ya kumwuliza bawabu kwa upole kwa nini anazitaka zote.

Na je, nambari yako ya siri ya M-Pesa ni mwaka wako wa kuzaliwa? Nambari ya tarakimu nne ina uwezekano elfu kumi. Lakini anayejua kwamba watu hupenda mwaka wa kuzaliwa anabakiwa na uwezekano usiozidi mia moja. Na ikiwa amekuibia mkoba wenye simu pamoja na kitambulisho, hana haja ya kubahatisha hata kidogo. Tarehe yako ya kuzaliwa imechapishwa pale.

SAIBA, FUNDI NA SIMU YA MITUMBA

Tugeukie barua pepe. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Katika mitaa yetu, mtu anayejua neno lako la siri huenda si mwizi bali ni kijana mwema tu wa saiba aliyekusaidia kujaza ritani za kodi, kuomba mkopo wa HELB wa mwanao, au kufungua akaunti ya eCitizen. Alikuuliza, "Tuweke neno gani la siri?" Ukamjibu, "Weka lolote." Akaweka jina lako na 123, kama alivyomwekea mteja aliyekutangulia na atakavyomwekea atakayekufuata.

Kijana huyo hana nia mbaya. Lakini kompyuta yake inatumiwa na watu hamsini kwa siku, na kila inapouliza kama ihifadhi neno la siri, mtu mwenye haraka hubonyeza ndiyo. Kesho anaajiriwa mwingine usiyemjua. Basi ukitoka saiba, hakikisha umeondoa akaunti yako kabla hujainuka kitini, na jioni hiyo hiyo ubadilishe neno la siri ukiwa kwenye simu yako mwenyewe.

Neno jema la siri ni refu kuliko lenye alama za ajabu. Chagua maneno manne yasiyohusiana, ambayo wewe pekee unaweza kuyaona kichwani kama picha. Usiweke jina la mtoto, timu ya kandanda wala mtaa wako. Muhimu zaidi ni kwamba neno la barua pepe lisitumike mahali pengine popote. Tovuti moja ndogo ikivunjwa, wezi huchukua maneno waliyoyakuta na kuyajaribu katika Gmail za wenyewe.

Ukishabadilisha, washa uthibitishaji wa hatua mbili katika akaunti ya Google. Baada ya hapo, atakayeingia kwa kifaa kigeni ataulizwa neno la siri pamoja na uthibitisho mwingine. Google hukupa pia nambari kumi za akiba, kila moja ya tarakimu nane na ya kutumiwa mara moja tu. Ziandike katika karatasi. Siku simu na laini vitakapokuwa vimekwenda vyote viwili, karatasi hiyo pamoja na neno lako la siri ndivyo vitakavyokurudisha ndani.

Je, una barua pepe ya zamani uliyofunguliwa na saiba na hujaigusa kwa muda mrefu? Iingie leo. Tangu Desemba 2023, Google imekuwa ikifuta akaunti za watu binafsi ambazo hazijatumiwa kwa miaka miwili. Vyeti vyako ulivyovituma humo vitakwenda nayo.

Sasa tuje kwa simu za mitumba. Tangu mwaka wa 2015, simu nyingi za Android zina kinga inayoifanya simu iliyofutwa kwa nguvu kudai akaunti ya Google ya mwenye simu wa awali. Kinga hiyo ni nzuri kwa kuwa inamwia mwizi vigumu kuiuza. Lakini inawaumiza pia watu wema. Unamnunulia mwanao simu kwa mtu anayehama, unaifuta, halafu inakuuliza barua pepe ya mtu aliyekwisha ondoka mtaani. Vivyo hivyo, mtu asiyejua neno lake mwenyewe la siri hujifungia nje ya simu aliyoinunua kwa jasho lake, kisha akaanza kumtafuta fundi.

Kwa hivyo ukinunua simu iliyotumika, mwambie muuzaji aondoe akaunti yake na kuifuta simu wewe ukiwa umesimama pale. Akibabaika, ondoka. Ukiuza au kumgawia mtu simu yako, fanya vivyo hivyo, akaunti kwanza, kisha kufuta. Na unapopeleka simu kwa fundi abadilishe kioo, toa kadi ya laini uondoke nayo. Akitaka nambari ya kufungulia simu ili kuijaribu, mwambie utakuja kuifungua mwenyewe.

NDANI YA NYUMBA

Msomaji, tumezungumza habari za watu wa nje. Lakini familia ya leo ina vifaa vingi chini ya paa moja. Baba ana simu mbili, mama ana moja, mtoto wa sekondari anatumia simu ya zamani ya mama wakati wa likizo, kuna kompyuta ya kazini, na pengine runinga yenye intaneti. Mara nyingi vyote vimefunguliwa kwa akaunti moja ya baba, kwa sababu ndiyo iliyokuwepo.

Hapo mambo huchanganyika. Mtoto anafuta picha katika simu aliyopewa, nazo zinapotea katika simu ya baba. Picha ya daktari aliyoipiga mama inaonekana kwenye runinga ya sebuleni mbele ya wageni. Mtoto anabonyeza mchezo, na muda wa hewa unakwisha. Mzazi anadhani ni majini, kumbe ni akaunti moja iliyogawanywa vifaa vinne.

Kila mtu mzima na awe na akaunti yake. Mtoto naye afunguliwe akaunti ya mtoto iliyo chini ya uangalizi wa mzazi. Na simu ya zamani ya mama isipewe mtoto kabla ya akaunti ya mama kuondolewa.

Kisha, mara moja kila mwezi, tazama orodha. Katika akaunti ya Google, upande wa usalama, kuna orodha ya vifaa vyote vilivyoingia. Ukiona simu uliyoiuza mwaka juzi bado imo, iondoe. Katika WhatsApp kuna mahali paitwapo vifaa vilivyounganishwa. Mbali na simu yako, akaunti moja inaweza kuunganishwa na vifaa vingine vinne. Ndoa kadhaa zimeyumba, na siri kadhaa za biashara zimetoka, kwa sababu ya kompyuta iliyounganishwa dakika moja wakati mwenye simu alikuwa bafuni. Mwenye kompyuta hiyo husoma kila ujumbe akiwa ameketi mbali, wala simu haikosi kitu. Usipoitazama orodha, hutajua.

Ukiwa hapo hapo kwenye WhatsApp, weka uthibitishaji wa hatua mbili kabla mwizi hajakuwekea. Ni nambari ya tarakimu sita ya kuchagua mwenyewe, pamoja na barua pepe ya kukukomboa ukisahau. Kama mama wa Mutindwa angekuwa nayo, kadi yake ya laini isingetosha.

Halafu ficha maandishi ya ujumbe yasionekane kwenye kioo kilichofungwa. Ni kazi bure kuifunga simu iwapo tarakimu za uthibitisho zinajitokeza juu ya kioo kila anayepita azisome.

CHAMA NACHO KIJILINDE

Ulinzi wa mtu mmoja hautoshi ikiwa wenzake ni rahisi kudanganywa. Vyama vyetu vina kanuni za faini kwa anayechelewa mkutano, lakini vichache vina kanuni ya ujumbe wa kuomba pesa. Iwekeni katika mkutano ujao. Asitume mtu senti kwa kusoma ujumbe pekee, hata kama picha na jina ni vya mweka hazina. Apige simu kwanza, na aulize jambo ambalo ni mwanachama tu anayelijua. Siku hizi hata sauti ya mtu huigizwa kwa mashine, kwa hivyo swali lina nguvu kuliko sauti.

Wekeni pia vitabu mahali pawili. Daftari la karatasi kwa mwenyekiti na nakala kwa mweka hazina. Mambo ya kale hayo, lakini daftari haliibwi kupitia dirisha la matatu ya 58.

Na yule anayekupigia akisema ni mhudumu wa kampuni, kisha akakuomba umsomee nambari uliyotumiwa hivi punde? Mkatie simu bila kumwonea haya. Safaricom imewaeleza wateja wake mara kwa mara kwamba huwapigia kutoka nambari 0722 000 000 pekee, na nambari za matapeli hutumwa kwa 333. Hakuna mhudumu wa kweli anayehitaji nambari yako ya siri. Tarakimu za uthibitisho ni ufunguo uliotupwa dirishani mwako. Anayekuomba umrushie hana nia ya kukufungia.

IKISHATOKEA

Licha ya tahadhari zote, huenda siku yako ikafika. Basi fuata mpangilio, usifuate machozi. Kwanza, azima simu na uwaombe wahudumu wa kampuni yako wafunge laini na huduma ya pesa. Hilo ndilo la dakika za kwanza, kabla hata ya kusimulia kisa. Pili, mwombe mtu mmoja atangaze katika vikundi vyako vyote kwamba simu imeibwa na asiaminike yeyote atakayeomba pesa kwa jina lako. Tatu, kwa kutumia kifaa cha mtu unayemwamini, ingia katika akaunti yako ya Google, uiondoe simu iliyoibwa na ubadilishe neno la siri. Kupitia akaunti hiyo unaweza pia kuifunga au kuifuta simu ukiwa mbali. Ukimaliza, ondoa akaunti yako katika kifaa ulichoazima.

Nne, nenda katika kituo cha polisi uandikishe kisa na kupewa abstrakti. Utaihitaji ukibisha deni ulilokopewa na mwizi. Uwe na nambari ya utambulisho ya simu yenyewe, ambayo huonekana ukibonyeza *#06#. Ndiyo hiyo unayopaswa kuinakili leo, kwa kuwa kesho hutakuwa na simu ya kubonyeza.

Usidharau hatua hiyo ukidhani ni jambo dogo. Chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya mwaka 2018, mtu anayeingia katika kompyuta au simu ya mwenzake bila idhini anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh5 milioni, kufungwa kifungo kisichozidi miaka mitatu, au yote mawili. Sheria haibagui mgeni na jamaa. Mume, mpenzi wa zamani na kijana wa saiba wote wamo.

BAHASHA

Sasa rudi kwenye ile simu uliyoiweka mezani. Kazi yote tuliyoitaja haizidi saa moja. Chukua karatasi, andika barua pepe yako na neno lake jipya, zile nambari kumi za akiba, PUK ya laini na nambari ya utambulisho ya simu. Nambari ya siri ya M-Pesa usiiandike. Hiyo ibaki kichwani. Itie karatasi katika bahasha, uifunge kwa gundi na kuiweka pale unapoweka vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Mwambie mtu mmoja tu bahasha ilipo. Awe mume, mke, dada au mama mzazi, almuradi ni mtu ambaye ungemwachia ufunguo wa nyumba ukisafiri. Siku ukilazwa hospitalini, huyo ndiye atakayewafikia watu wako na kupata stakabadhi. Familia nyingi zimepoteza picha za marehemu na kumbukumbu za pesa zake si kwa sababu ya mwizi, bali kwa sababu aliyekuwa na neno la siri alikwenda nalo.

Na ikiwa bado barua pepe yako iko mikononi mwa kijana wa saiba, kesho asubuhi mpitie. Msalimie, mshukuru kwa msaada wake wa miaka yote, kisha mwambie umekuja kuuchukua ufunguo wako. Hatakasirika. Pengine hata hakumbuki kwamba anao.